Sauti ya Kabatini

Fundi alikuwa amepiga magoti juu ya zulia la watu, pini tano mdomoni, akipandisha pindo la gauni la mama mkwe wake ili limkae msichana mmoja. Msichana mwenyewe alisimama juu ya kistuli na simu yake mkononi, akigeuka kila alipojisikia kugeuka, na pini zilizokusudiwa kitambaa zikaishia kwenye vidole vya Fundi. Zulia lilikuwa jeupe, la manyoya, la aina ile ambayo mtu huinunua akijua fika kwamba si yeye atakayelifua.

"Shangazi, usilipandishe sana," msichana alisema bila kumtazama. "Nataka lionekane la kizee, lakini kizee cha kupendeza. Umenielewa?"

Fundi akatikisa kichwa kukubali. Mwenye pini mdomoni hajibizani na mtu.

Gauni lilikuwa la kahawia, na viraka viwili kwenye viwiko. Fundi alilishona mwenyewe mwaka juzi kwa pazia kuukuu, na viraka vile havikuwa vya umaskini bali vya makusudi. Alivikata, akavisugua kwa jiwe mpaka vikafanana na vya miaka kumi, kwa sababu filamu ilitaka mama mzee aliyechakaa, na filamu ya mumewe haikuwa na uwezo wa kununua hata uchakavu. Jana mumewe alimwambia, "Kampuni wanataka lile gauni la mama kwa ajili ya uzinduzi. Nadhani watalitundika ukumbini, watu walione." Fundi akafurahi, masikini. Akalipiga pasi mara mbili. Sasa hapa ofisini ndipo alipojua litatundikwa wapi: kwenye mwili wa mtangazaji wa redio, binti wa miaka ishirini na mbili, mwenye kucha ndefu kama vijiko.

Mlango ukafunguliwa, akaingia mwenye kampuni ya kusambaza filamu. Watu walimwita Bosi Miwani, maana miwani yake ilikaa kwenye paji la uso siku zote na hakuna aliyewahi kuiona machoni. Alimzunguka msichana kama mtu anayekagua gari.

"Safi! Bibi kamili. Hebu nipe ule mstari wa mlangoni."

Msichana akajikohoza, akakunja mgongo kidogo, akatoa sauti ya kutetemeka, tamu, laini, kama bibi aliyelelewa kwa asali na hajawahi kumkemea mtu maishani.

"Ukirudi, mwanangu, usibishe hodi. Kwa mama hakubishwi hodi."

"Ndiyo hiyo!" Bosi Miwani alipiga makofi. "Hivyo hivyo ilivyotoka kwenye filamu. Watu watalia mpaka wakome."

Fundi alizitoa pini mdomoni moja moja, akaziweka kwenye kiganja. Zote tano. Kisha akauliza, na alijitahidi kuuliza kwa adabu, "Samahani bosi. Kwenye filamu gani?"

"Si hii ya mumeo?"

"Kwenye filamu ya mume wangu bibi anasema kwa sauti yake mwenyewe."

"Alikuwa anasema." Bosi Miwani alicheka, cheko la mtu anayemfafanulia mtoto. "Dada yangu, sauti ile ina mikwaruzo. Pengo linapiga mluzi. Halafu kuna mlio wa cherehani nyuma, tkitki tkitki, filamu nzima! Hiyo ni filamu au ni kiwanda? Tumesafisha yote, tumeweka muziki, tumeweka sauti ya binti hapa. Sura tumemwachia bibi. Sura yake nzuri, ina historia." "Kwani mumeo hakukwambia? Alitia saini tangu mwezi uliopita."

Tumemwachia! Sura ya mtu, aliyozaliwa nayo, eti wamemwachia. Ningependa niwaambie Fundi alisimama, akamvua yule binti gauni na kuondoka zake. Hakufanya hivyo. Alirudi magotini akamalizia pindo, na alilimalizia vizuri, mishono myembamba isiyoonekana, maana mkono wa fundi hauna aibu: ukishazoea kazi nzuri unaifanya hata kwa asiyestahili. Ndicho kilichomkera zaidi njiani akirudi nyumbani.

*

Mama mkwe wake aliitwa Mama Tiketi, na jina hilo hakupewa bure. Miaka ishirini na miwili alikaa kwenye dirisha la tiketi la jumba la sinema, kabla jumba halijafungwa na kufanywa ghala la matairi. Kazi yake ilikuwa kukata tiketi, na kwa kuwa wachelewaji hawaishi duniani, hakuruhusiwa kuacha dirisha hata filamu ikiwa katikati. Kwa hiyo filamu zote alizisikia kupitia ukuta. Hakuziona. Alijua nani anakufa na nani anaolewa kwa sauti tu, akakata shauri moyoni kwamba picha ni pambo la wenye nafasi. Filamu yenyewe ni maneno.

Alipozeeka, ugonjwa wa presha ya macho ukamchukua jicho la kushoto, ukapumzika kidogo, ukarudi kuchukua la kulia. Mwaka walioipiga filamu alikuwa bado anaona vivuli. Sasa hata vivuli vimemuaga.

Nyumbani walikuwa watatu tu: yeye, mwanawe, na Fundi. Mwanawe alikuwa mpiga picha za pasipoti, mwenye kibanda chenye pazia jeupe na kioo cha kuchania nywele, lakini mtaa mzima ulimwita Dairekta, nusu kwa heshima na nusu kwa kejeli. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana walikaa sebuleni, wakaweka filamu. Si zile kubwa zinazolipua madaraja. Walipenda filamu za watu wasio na kitu: za mizimu, za mapenzi, za ngumi, za vichekesho, ilimradi ziwe zimetengenezwa na mtu aliyeazima kamera na kuwabembeleza majirani. Fundi alikaa karibu na Mama Tiketi na kumsomea. Ndivyo walivyoita wenyewe, kusoma. Filamu ikinyamaza, Fundi humwambia sikioni kinachoonekana.

"Mzimu umetokea, mama. Umevaa shuka."

"Miguuni je?"

"Soksi."

"Ehee!" Mama Tiketi atacheka mpaka apaliwe. "Huyo dairekta ana huruma. Sakafu ilikuwa baridi, akamwambia mzimu wake, vaa soksi mwanangu. Wenye mabilioni hawawezi kukuonyesha kitu kama hicho."

Masikio yake yalikuwa ya ajabu. Angeweza kusema, "Mlango huu nimeusikia kwenye ile ya mapenzi. Ni nyumba ileile! Juzi alikaa tajiri, leo anakaa mganga." Na kweli, Fundi akitazama vizuri anaona ni sebule ileile, wamegeuza tu vitambaa vya makochi. Kwenye filamu za ngumi alipenda sauti ya konde inayofika kabla ya konde lenyewe. "Anapigwa kwanza na habari," alisema. Hakuwacheka kwa dharau. Alikuwa na usemi wake: "Pesa ikiisha, ndipo akili inaamka kwenda kazini." Filamu ikiwa mbovu kwa uvivu aliizima mwenyewe kwa kupapasa. Ikiwa mbovu kwa umaskini aliisikiliza mpaka mwisho, na majina yote ya mwishoni alitaka asomewe.

Basi Dairekta alipotengeneza yake, ya mama anayemngoja mwana aliyeondoka, hakukuwa na wa kuigiza mama ila Mama Tiketi. Mvua ilikuwa ni seremala wa jirani juu ya ngazi na kopo lililotobolewa matundu. Seremala huyohuyo alikuwa jambazi, na bunduki aliichonga mwenyewe. Sauti walirekodi ndani ya kabati la nguo la Fundi, kwa kuwa nguo humeza mwangwi. Mama Tiketi aliingizwa humo kwenye kigoda, katikati ya magauni ya wateja, kinasa sauti mapajani, akasema maneno yake yote siku nne mfululizo. Ule mstari wa mlangoni aliurudia mara kumi na saba. Cherehani ililia nje ya kabati kwa sababu kazi za wateja hazingojei sanaa, na Dairekta alipotaka kumnyamazisha mkewe, Mama Tiketi alipiga kelele kutoka kabatini: "Muache ashone! Nyumba ina sauti yake. Ukiiondoa, nitakuwa naongea wapi? Mbinguni?"

Ikabaki. Na kitu kimoja tu ndicho Mama Tiketi alichokuwa anangoja. Hakuwahi kuisikia filamu ilipokamilika, kwa kuwa alikataa kuisikia kwenye simu wala kwenye televisheni ya nyumbani. "Miaka ishirini na miwili nimesikiliza sauti za wenzangu zikitoka ukumbini," alisema. "Mara moja tu, kabla sijafa, nataka na yangu itoke huko."

*

Dairekta alikuwa nyuma ya pazia lake jeupe, akimnyoosha mteja kidevu, Fundi alipofika kibandani. Alisubiri mteja alipe na kutoka. Kisha akasema, "Umeuza sauti ya mama yako."

Dairekta hakuuliza amejuaje. Alianza kufuta lenzi, na lenzi ilikuwa safi.

"Sikuuza. Ni marekebisho ya kitaalamu."

"Mama anajua?"

"Nilitaka kumwambia. Kila nikitaka, anaanza habari za ukumbi, nguo gani avae, nani amwalike..." Aliinua macho. "Mke wangu, sikiliza. Walisema wazi: bila kubadili sauti, filamu hawaichukui. Ingebaki kwenye kabati lile lile. Sasa inaonyeshwa ukumbini, jina langu kwenye bango, na wamenipa ahadi ya kamera. Kamera yangu mwenyewe! Mpaka lini nitaazima? Na sura wameiacha. Mama yupo pale, mkubwa ukuta mzima, kila mtu atamwona."

"Kila mtu."

"Ndiyo! Kila mtu atamwona."

"Na yeye ataona nini?"

Hapo ndipo Dairekta alipoacha kufuta. Fundi alimtazama usoni na akaona jambo ambalo hakulitarajia, jambo lililomchukiza kuliko uongo wenyewe: mwanamume huyu hakuwa amefikiria. Mwezi mzima alijifariji kwamba sura imebaki, akalala usingizi, akaamka, akamshika mama yake mkono kumpeleka msalani kila asubuhi, na haikumpitia akilini hata mara moja kwamba mama yake haoni. Alikuwa ameitazama mikataba kwa jicho la mpiga picha. Kwake mtu alikuwa ni sura.

"Mungu wangu," alisema polepole.

"Usimwite Mungu. Yeye hakutia saini."

Dairekta akakaa kwenye kiti cha wateja, taa za picha zikimmulika. Kwa dakika moja Fundi alimwonea huruma, na kama angebaki vile, pengine mambo yangekwenda njia nyingine. Lakini mtu akishaingiwa na hofu, akili yake hufanya kazi chafu upesi.

"Unaweza kumsomea," alisema. "Si unamsomea siku zote? Ukumbini utakaa naye. Kila bibi akifungua mdomo, wewe unaongea sikioni. Unamwambia ukumbi umejaa, unamwambia kavaa nini. Hataisikia vizuri. Muziki wenyewe ni mkubwa. Tutasema spika zilikuwa mbovu. Halafu Jumapili tunamwekea ile yetu ya zamani, yenye sauti yake, anasikia, mambo yanakwisha."

"Unataka nimzibe masikio mama yako kwa mdomo wangu."

"Nataka asiumie."

"Unataka asijue. Hivyo ni vitu viwili."

"Basi nenda kamwambie wewe!" Sauti ya Dairekta ilipasuka. "Nenda! Mwambie siku mbili kabla ya uzinduzi. Umwone atakavyokuwa."

Fundi akapiga msonyo mrefu, akatoka. Alikwenda nyumbani kumwambia. Alimkuta Mama Tiketi ameketi kitandani, nguo zake nne zimetandazwa, akizipapasa moja moja.

"Ni wewe? Njoo. Ipi haipigi kelele? Nisije nikajigeuza, nguo ikalia chaka chaka, nikakosa neno langu."

Fundi akachagua ile ya pamba. Akasema, "Mama," kisha akasema, "hii itafaa." Hakuna zaidi ya hapo alilosema. Tangu siku ile kinyaa alichokuwa nacho kwa mumewe alikigawa mara mbili, nusu akajipa mwenyewe.

*

Uzinduzi ulikuwa saa tisa alasiri. Mlangoni palikuwa na bango refu kuliko mlango, na juu yake alisimama binti wa redio ndani ya gauni la viraka, ananuna kwa upole. Sura ya Mama Tiketi ilikuwa pembeni kule chini, ndogo, karibu na namba za simu. Kumbe hata hiyo walimwachia kidogo tu.

"Nipo?" Mama Tiketi aliuliza, mkono wake kwenye mkono wa Fundi.

"Upo, mama."

"Nafananaje?"

"Unatazama mbele."

Kijana wa mlangoni alitaka kuwapeleka viti vya nyuma, eti vya mbele ni vya wadhamini. Fundi alimwambia huyu ndiye mama kwenye filamu. Kijana akalitazama bango, akamtazama mzee, akasema, "Haiwezekani, bibi wa filamu nimempokea sasa hivi." Wakakaa nyuma. Mama Tiketi hakukasirika. Alinyoosha mkono, akaugusa ukuta, akaugonga kwa kifundo cha kidole.

"Mnene," alisema, ameridhika. "Wa nje hawasikii kitu. Siku zetu ulikuwa wa mbao."

Taa zikazimwa, muziki ukaanza, vinanda vingi vinalia kwa pamoja kama msiba wa watu matajiri. Mama Tiketi akakunja uso.

"Cherehani yako iko wapi?"

"Labda baadaye, mama."

Skrini ikamuonyesha yeye: mgongo, kisha mkono, kisha uso ule mkubwa wenye mistari, mzuri hasa, na Fundi akasahau kidogo kila kitu kwa namna mumewe alivyojua kuuwekea mwanga uso wa mama yake. Kwa hilo alikuwa na kipaji, mtu huyo, hakuna wa kubisha. Kisha midomo ikaanza kufunguka.

Fundi aliinama sikioni haraka. "Uko jikoni mama, ukumbi umejaa kweli, mpaka ngazi zimejaa watu, seremala yuko kule mbele, kavaa tai, umevaa lile gauni la—"

Alichapwa kofi mkononi. Si la kuuma, la kukanya.

"Nyamaza, mwanangu. Hapa usinisomee. Acha nijisikie."

Akanyamaza. Angefanya nini? Kwenye skrini midomo ya Mama Tiketi, yenye pengo, ilikwenda huku na huku, na kutoka kwenye spika ikamwagika ile sauti ya asali. Maneno hayakulingana na midomo. Yalitangulia kidogo, kisha yakachelewa. Mama Tiketi aliinamisha kichwa upande, sikio mbele, namna aliyokaa miaka yote dirishani. Alisikiliza sentensi ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.

"Huyo ni jirani anayeongea na mimi?" aliuliza.

Fundi angeweza kusema ndiyo. Lile "ndiyo" lilikuwa tayari, lingetosha kama dakika tano. Akalitema.

"Hapana, mama. Ni wewe unayeongea. Wamekuwekea sauti ya binti wa redio."

"Na mimi ninafanya nini?"

"Unafungua na kufumba mdomo."

Watu wawili wa mbele waligeuka, wakasema shh. Mama Tiketi alikaa wima mpaka mwisho, mikono mapajani, kama mtu aliyekuja kuhudhuria kesi. Ulipofika mstari wa mlangoni Fundi alimwona akitikisa midomo bila sauti, akiyasema maneno yake kwa mwendo wake, na hapo ndipo kituko kilipotokea ambacho hakuna aliyekiona isipokuwa Fundi: gizani, kwenye viti vya nyuma, midomo ya mzee ililingana na ya skrini sawasawa. Pumzi kwa pumzi. Ukumbi mzima ukafuta machozi kwa sauti nyingine.

Taa zikawaka. Binti wa redio akapanda jukwaani ndani ya gauni la viraka, makofi yakalipuka. Bosi Miwani akashukuru wadhamini, akashukuru mafundi mitambo, akamwita Dairekta, akamkabidhi boksi la kamera mbele ya watu. Dairekta, ndani ya suti ya kuazima, alilikumbatia boksi akasema hana maneno. Na kweli hakuwa nayo, maana katika dakika zote alizopewa hakumtaja mama yake. Mshereheshaji ndiye aliyekumbuka.

"Na tunaambiwa mama mzazi wa dairekta, ambaye ametupa uso wake mzuri, yuko nasi! Yuko wapi bibi yetu?"

Fundi akamsaidia kusimama. Mama Tiketi alianza kujikohoza, akasafisha koo, akanyoosha mkono mbele, kiganja wazi, akingoja kipaza sauti. Kila mtu aliyekuwa karibu aliuona mkono ule.

"Hapana, hapana, bibi, usijisumbue," mshereheshaji alicheka kutoka jukwaani. "Wewe tupungie tu!"

Mkono ulibaki hewani. Watu wakadhani ndiyo anapunga. Wakapiga makofi.

*

Walifika nyumbani jua bado halijatua. Walipoingia, mzee alivua viatu, akapapasa mpaka kwenye kabati la nguo, akalifungua, akasimama akinusa vitambaa vya wateja.

"Ulijua?" aliuliza, mgongo umegeuka.

"Siku mbili, mama. Nilitaka kukwambia, nikashindwa. Nisamehe."

"Na yeye?"

"Mwezi mzima."

"Walimlazimisha?"

Fundi alifikiri namna ya kulainisha. Hakuiona. "Walimpa kamera."

Mama Tiketi akafunga kabati taratibu. "Nimesikiliza filamu za kila namna," alisema. "Za wezi, za wachawi, za waume wanaowazika wake zao wazima. Nilikuwa najiuliza watunzi wanatoa wapi watu wabaya hivyo, nikadhani wanatunga." Akajisaidia kwa kiti, akaketi. "Sina hasira, unajua? Ningekuwa na hasira ningepumua. Ni kinyaa. Kama mtu aliyekunywa maji gizani, akaja kuambiwa kilichokuwemo kwenye kikombe."

Fundi aliteta na moyo wake, kisha akainuka, akatia komeo mlangoni. Hakuambiwa. Alilitia tu. Kisha akaketi kwenye cherehani, lakini mguu haukutaka kukanyaga.

Hawakukaa sana. Hatua zilisikika uani, za viatu vigumu visivyozoeleka, zikafika mlangoni. Kitasa kikazungushwa, kikagoma. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe katika nyumba ile, mtu huyo akabisha.

"Hodi."

Akagonga tena.

"Hodi, mama. Mke wangu? Fungueni."

Mama Tiketi aliinua kichwa, akainamisha sikio upande wa mlango.

"Nani?"

"Mimi, mama."

"Mimi nani?"

"Mimi mwanao!"

"Fundi," Mama Tiketi alisema, kwa ile sauti yake ya mikwaruzo, pengo likipiga mluzi, "hebu kamwangalie dirishani. Sauti naisikia, ni ya mwanangu kabisa. Lakini leo nimefundishwa kwamba sauti ya mtu si mtu. Nisomee."

Fundi akasogeza pazia. Alitazama kwa muda, kwa uangalifu, kama Jumapili.

"Ni mwanamume, mama. Kavaa suti isiyo yake, mabega yamempwaya. Amekumbatia boksi jipya, hajalifungua. Anatazama viatu."

"Analia?"

Fundi alitazama tena. Dairekta alikuwa amehamisha boksi mkono wa kushoto ili apate wa kulia wa kubisha, na alikuwa akiangalia pembe ya boksi, kama haikuchubuka.

"Hapana, mama."

"Basi usifungue," alisema Mama Tiketi. "Kanyaga cherehani."